Baada ya Tetemeko, Maji Machafu Yanakwenda Wapi?

(Hotuba ya mjumbe wa Kamati ya Maji na Usafi wa Mazingira kwa wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Imechapwa katika jarida hili la kumbukumbu kwa ombi la viongozi wa mitaa.)



Leo ni siku ya ngoma na hotuba za matumaini. Wenzangu walionitangulia wamezungumzia amani, shule na kurudi nyumbani. Mimi kamati imenituma nizungumzie choo. Najua wako watakaocheka, na wako watakaosema kwamba jambo hili halifai mbele ya wageni. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza kuwa jamii inayoona haya kuzungumzia choo itakuja kuzungumzia makaburi.

Kichwa cha maneno yangu ni swali moja: ardhi ikitikisika, maji machafu yanakwenda wapi? Kwa maji machafu nakusudia yote tunayoyaacha nyuma yetu, yaani ya chooni, ya kuogea, ya kufulia, na yale ya zahanati. Mjini yanapita katika mabomba chini ya barabara, yanafika kwenye mitambo au mabwawa ya kuyasafisha, kisha yanamwagwa mtoni au ziwani. Hapa kwetu yanashuka shimoni na kutulia humo. Njia ni mbili, lakini kazi ni ile ile: kutenga uchafu na mdomo wa binadamu. Tetemeko linavunja utengano huo kwa sekunde chache.

Huenda mtu akauliza, "Sisi na matetemeko wapi na wapi? Hayo ni mambo ya Wajapani." Ndugu zangu, sisi tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika lenyewe ni ufa uliojaa maji, na Ziwa Kivu vivyo hivyo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Kalemie nyumba zilianguka na watu walikufa, na upande huu wa Kigoma tulilisikia sote. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, likapiga la Ziwa Kivu. Bukavu iliumia, na ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, watu wakafa, wengine wakiwa kanisani. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Bukoba na mkoa wa Kagera, likiwa na ukubwa wa 5.9. Miaka kumi na moja, matetemeko matatu, yote katika ukanda wetu. Hapana anayeweza kutaja siku ya lile litakalofuata, lakini hapana mtaalamu anayesema halitakuja.

Nitoe ushuhuda wangu kabla sijataja ya mbali. Lile la Desemba 2005 lilinikuta hapa hapa mkoani. Ilikuwa alasiri, mvua za masika madogo zimeshakolea. Kesho yake kiongozi wa mtaa akaniomba, kwa kuwa nilikuwa fundi mwashi, nizungukie vyoo vya mtaa wetu nione kama viko salama. Nikazunguka nusu siku. Nilitazama kuta, nikatazama mapaa ya nyasi, nikazitingisha nguzo kwa mkono. Palipolegea tukakaza kamba. Jioni nikatoa taarifa: vyoo vyote vizima. Nikashukuriwa.

Siku kama kumi na tano baadaye, usiku wa mvua kubwa, slabu ya choo kimoja ikazama na mama mzee aliyekuwa juu yake. Majirani walimtoa kwa kamba na shitingi. Aliishi, lakini mguu wake haukunyooka tena, na hadi alipofariki alikuwa akitembea kwa mkongojo. Kulipokucha nikaenda kutazama. Ukingo wa shimo ulikuwa umemeguka kwa ndani tangu siku ya tetemeko, na ufa wa duara ulionekana wazi pembeni, umejaa maji ya mvua. Ufa ule ulikuwepo siku niliyopita mimi. Nilitazama ukuta, sikutazama ardhi. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuuona ufa, na aliyelipa hakuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kila mhandisi anayefika kambini, na kusoma kila karatasi niliyopewa, nipate kujua kazi hii inavyofanywa na wanaoijua. Haya nitakayosema ndiyo niliyoyaokota.

Kwanza, tetemeko linafanya nini? Bomba la maji machafu kwa kawaida halisukumwi na pampu. Linategemea mteremko, tena mteremko mdogo sana. Ardhi ikizama kidogo mahali pamoja, bomba linapata tumbo. Huenda halikuvunjika hata kidogo, lakini uchafu na mchanga vinatulia tumboni hapo na kuziba. Mahali penye mchanga na maji karibu na uso wa ardhi, mtikisiko unaugeuza udongo kuwa kama uji. Vizito vinazama, na vitupu vinaelea. Katika tetemeko la Niigata, Japani, tarehe 23 Oktoba 2004, zaidi ya chemba elfu moja za maji machafu ziliinuka kutoka ardhini, zikasimama katikati ya barabara kama visiki, na magari ya wagonjwa yakashindwa kupita. Tanki la maji machafu lililo tupu huinuka vivyo hivyo. Mabomba ya udongo na ya zege hupasuka kwenye maungio. Yale ya plastiki ngumu iliyounganishwa kwa moto huvumilia zaidi, kwa sababu yanapinda.

Pili, uharibifu mwingi hauonekani, na hili ndilo somo la mji wa Christchurch, New Zealand. Ulipigwa tarehe 4 Septemba 2010, halafu tarehe 22 Februari 2011 ukapigwa vibaya zaidi, watu 185 wakafa. Ni nchi tajiri, yenye wahandisi wengi. Hata hivyo mabomba yalijaa mchanga, pampu zikasimama, na maji machafu yasiyosafishwa yakaelekezwa katika mito ya Avon na Heathcote, kwa kuwa njia nyingine ingekuwa kuyaacha yafurike majumbani. Watu wakakatazwa kuogelea na kuokota chaza. Vyoo vya kuhamishika vikapangwa mitaani. Maelfu ya nyumba zikagawiwa vyoo vidogo vyenye dawa, na matangi yakawekwa barabarani ili watu wamwage humo. Na sikieni hili, ndugu zangu: watu wengi wa mji ule walichukua majembe wakachimba vyoo vya shimo nyuma ya nyumba zao. Elimu tuliyonayo sisi, ya kuchimba shimo na kulitunza, ndiyo iliyowasitiri wao. Basi asiwepo wa kuidharau.

Je, walipimaje uharibifu? Hawakuanza kwa kufukua kila mahali. Siku za mwanzo walizunguka kwa miguu na magari, wakiandika wapi maji yanafurika, pampu ipi haina umeme, barabara ipi imezama. Baadaye wakafungua chemba moja baada ya nyingine, wakapima kina, wakaona wapi maji yanapita na wapi yamesimama. Kisha wakasafisha mchanga kwa maji ya nguvu, na ndipo wakaingiza kamera ndogo ndani ya mabomba kutazama nyufa. Kazi ya kutengeneza mabomba ilisimamiwa na muungano mmoja wa serikali, baraza la mji na makampuni, ulioanza mwaka 2011 ukamaliza mwaka 2017. Miaka sita! Kwa hiyo anayesema kwamba mfumo wa maji machafu utarudi baada ya wiki mbili, muulizeni ana maana ya mfumo wa muda au wa kudumu. Ni mambo mawili tofauti.

Tatu, dharura haisubiri ukamilifu. Tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe, Japani, ulipigwa, na watu zaidi ya 6,000 wakafa. Mtambo mkubwa wa kusafishia maji machafu wa Higashinada, uliojengwa juu ya ardhi iliyojazwa kando ya bahari, uliharibika. Maji machafu ya mji hayakuacha kuja. Mafundi wakafanya nini? Waliziba sehemu ya mfereji uliokuwa kando ya mtambo, wakaugeuza kuwa bwawa. Uchafu ukatulia chini, maji ya juu yakatiwa klorini kabla ya kuachiwa baharini. Hayakuwa masafi kama zamani, lakini yalikuwa bora kuliko kuyamwaga yalivyo. Wakaendelea hivyo kwa miezi huku mtambo ukitengenezwa.

Kobe ilitufundisha na jambo la pili, linalowahusu akina mama na wazee. Katika shule na kumbi walimokimbilia watu, vyoo vilijaa mara moja. Wazee wengi wakaacha kunywa maji ili wasiende chooni, na wakaugua kwa sababu hiyo. Hapa kambini tunajua habari hiyo. Akina mama wangapi hawanywi maji tangu jua kuzama kwa kuogopa kwenda chooni gizani? Choo kisichotumika kwa hofu hakina tofauti na choo kilichoanguka. Anayekagua vyoo baada ya tetemeko akikagua zege tu bila kuuliza nani anaogopa kwenda, hajakagua. Baada ya Kobe, miji ya Japani ilianza kutayarisha vyoo vya turubai vinavyowekwa juu ya chemba za barabarani, ili siku ya shida uchafu ushuke moja kwa moja bombani, iwapo bomba ni zima.

Sasa nije kwenye upande wa huzuni. Tusipotenga uchafu, nini hutokea? Wako miongoni mwetu waliokuwa Goma mwaka 1994. Hapakuwa na tetemeko, palikuwa na kukimbia, lakini hesabu ni ile ile. Watu mamia kwa maelfu walikaa juu ya mwamba wa volkano usiochimbika. Vyoo hakuna, maji ni ya Ziwa Kivu bila dawa. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia, na katika mwezi wa kwanza tu wataalamu wa afya walikadiria vifo karibu 50,000. Mwenye ndugu aliyebaki pale hahitaji kuelezwa na mimi.

Haiti ilitikiswa tarehe 12 Januari 2010. Mji mkuu wa Port-au-Prince haukuwa hata na mfumo wa mabomba ya maji machafu. Wahisani walifika kwa wingi, vyoo vikajengwa makambini, magari yakanyonya uchafu. Lakini uchafu unaonyonywa ulikuwa unapelekwa wapi? Swali hilo lilichelewa kujibiwa. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kikazuka, mbali na mji ulioanguka, kando ya mto unaotiririkia mto Artibonite. Uchunguzi ulionyesha chanzo ni uchafu uliotoka katika kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais. Waliougua walipita 800,000 na waliokufa walikaribia 10,000. Mwezi Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi wananchi wa Haiti kwa sehemu ya Umoja huo katika msiba ule.

Siyataji haya ili kumwaibisha mgeni yeyote aliyeketi hapa mbele. Nayataja kwa sababu yanatufunza sote, mkimbizi na mhisani, kwamba uchafu hauulizi pasipoti. Choo cha ofisi ya shirika, choo cha kituo cha polisi, choo cha zahanati na choo cha mzee mkimbizi vyote vinashuka katika ardhi moja, na kisima ni kimoja. Ukaguzi ukianza, uanze kwa wote.

Basi tufanyeje sisi? Kamati imeafikiana juu ya mambo yafuatayo, nami nayaeleza kwa mpangilio, ili hata atakayelisoma jarida hili baadaye ayafuate.

La kwanza ni usalama wa anayekagua. Baada ya tetemeko kubwa huja madogo. Mkaguzi asiende peke yake. Wawe wawili, mmoja amefungwa kamba kiunoni na mwenzake ameishika. Asikanyage slabu kabla ya kuikagua. Alaze ubao mrefu unaovuka shimo na kushika ardhi ngumu pande zote mbili, akanyage huo. Na kwa wale wanaofanya kazi ya chemba na matangi ya zahanati: asishuke mtu ndani. Kuna hewa ya sumu humo, inayoua kabla hujapiga ukelele, na anayemfuata mwenzake kumwokoa hufa naye. Habari hizo zimetokea katika nchi nyingi.

La pili ni mpangilio wa mahali pa kuanzia. Siku ya kwanza tunaangalia vyanzo vya maji na mabomba ya maji safi, zahanati, na shule. Siku ya pili na ya tatu ni vyoo vya mitaa, kwa kuanza na vile vilivyo jirani na visima na vile vya bondeni. Kwa nini mabomba ya maji safi yaingie katika habari ya maji machafu? Kwa sababu pampu ikisimama, bomba linabaki tupu, na bomba tupu lililopasuka hunyonya. Likiwa limepita karibu na choo kilichobomoka, litanyonya kutoka huko. Kwa hiyo hata maji yakirudi bombani, tuyaamini baada ya kupimwa klorini, isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kabla ya hapo tuchemshe au tutie dawa.

La tatu ni namna ya kukagua choo. Anza na ardhi. Zunguka hatua mbili kutoka chooni ukitafuta ufa wa duara. Ukiuona, choo hicho kinafungwa siku hiyo hiyo, hata kama kuta zimenyooka kama mshale. Pili, slabu. Igonge kwa fimbo usikilize kama pembeni pana uwazi. Weka pima maji juu yake. Kama huna, laza chupa yenye maji nusu, utaona imeinama upande upi. Tatu, mulika kwa tochi kupitia tundu. Je, udongo umeporomoka? Uchafu umepanda ghafla kuliko jana? Ukipanda, ama ukuta umeanguka ndani, ama maji ya chini ya ardhi yameingia, na yote mawili ni hatari. Nne ndiyo ukuta na paa, nilikoanzia mimi mwaka ule. Tano, uliza wenyewe: nani ameacha kukitumia, na kwa nini?

Halafu weka alama. Kitambaa chekundu, kimefungwa. Cha njano, kitumike kwa uangalifu na kikaguliwe tena. Cha kijani, ni salama. Na hata cha kijani kikaguliwe mara ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, na baada ya kila tetemeko dogo. Yule mama mzee alizama siku ya kumi na tano, hakuzama siku ya kwanza.

La nne ni kuandika ukweli. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, mnisamehe. Sote tunajua kwamba orodha ikipita, wako watu wanaotamani choo chao kiandikwe kimeanguka ili wapate slabu mpya na shitingi, na wako viongozi wanaoongeza idadi wakidhani wanawatetea watu wao. Kama vyoo vilivyoanguka ni arobaini nasi tukaandika mia, vifaa vitatawanywa kwa mia, na mwenye shida ya kweli atapata nusu. Mara ya pili tukisema kweli hatutaaminiwa. Kwa wenzetu wa mashirika nasema vivyo hivyo: msipunguze idadi ili ilingane na bajeti. Andikeni mahitaji yalivyo, kisha semeni wazi mnachoweza na msichoweza. Sisi ni watu wazima, tumezoea kusikia hapana. Tusilolizoea ni kunyamaziwa.

La tano ni kurudisha huduma. Kanuni ya mafundi wa mabomba ni kuanza chini kwenda juu, yaani kutengeneza kwanza mwisho wa safari ya uchafu, kisha kupanda. Ukizibua bomba la juu wakati la chini limekatika, umehamisha mafuriko tu kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine. Kwetu sisi maana yake ni hii: kabla gari la kunyonya maji machafu halijaanza kazi, tujue linamwaga wapi. Kabla maji hayajafunguliwa zahanati, tujue tanki lake na shimo lake la kunywea maji ni mazima.

Kwa mitaa ambayo vyoo vingi vimefungwa, majirani wagawane vilivyobaki kwa muda, wakipangiana zamu za usafi. Viwango vya kimataifa vya misaada vinaruhusu watu 50 kwa tundu moja katika siku za mwanzo za dharura, kisha tushuke hadi watu 20. Wanawake na wanaume wawe na matundu tofauti, na kuwe na taa. Shimo jipya liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Penye mwamba wenye nyufa hata hizo 30 huenda zisitoshe, hivyo tumwulize mhandisi. Shimo lililofungwa lisiachwe wazi: litiwe chokaa au majivu, lijazwe udongo ulioshindiliwa, lizungushiwe miiba mpaka litulie. Na kila choo cha muda kiwe na kibuyu chirizi na sabuni siku ile ile kinapofunguliwa.

Ndugu zangu, haya yote yanahitaji vitu. Misaada imekuwa ikipungua, tunajua. Kwa hiyo kamati haikuja leo na orodha ndefu. Tumegawa maombi mafungu mawili.

Fungu la kwanza halihitaji fedha, nalo ni letu wakazi. Kila mtaa uandike daftari la vyoo vyake sasa, wakati ardhi imetulia: kiko wapi, kina gani, kilichimbwa mwaka gani, kiko hatua ngapi kutoka kisimani, nani anakitumia, nani ni mlemavu au mzee. Anayekagua baada ya tetemeko bila kujua hali ya kabla hawezi kusema kilichobadilika. Kila mtaa utoe watu wanne, wawili wawe wanawake, tuwafundishe ukaguzi huu. Mafundi washi mliopo, mliokuja na ujuzi wenu kutoka nyumbani, kamati inawahitaji.

Fungu la pili ni la mashirika na ofisi ya Mkuu wa Kambi. Tunaomba kila kanda iwe na kabati moja lenye kamba, tochi, mbao mbili ndefu, pima maji, glovu, chokaa, vitambaa vya rangi tatu na slabu chache za akiba. Tunaomba nakala ya ramani ya mabomba ya maji na ya matangi ya zahanati, ibandikwe ofisini kwa kamati, kwani ramani iliyofungiwa mjini haitusaidii siku ya kwanza. Na tunaomba siku hiyo ikifika, mjumbe wa kamati awe katika kundi la kwanza la ukaguzi, asiitwe siku ya nne kupewa taarifa iliyokwisha andikwa. Mgeni anajua vipimo, mwenyeji anajua mahali palipokuwa na maji mwaka juzi. Wakienda pamoja hawakosi.

Namalizia. Hatukuchagua kuja hapa, wala hatujui tutaondoka lini. Wengine husema, "Kwa nini nitunze shimo la ugenini?" Nami huwajibu kwa kuwakumbusha kwamba mtoto anayecheza kando ya shimo hilo si wa ugenini, ni wetu. Na siku tutakaporudi Kalemie, Uvira, Bukavu au kwingineko, tutakuta miji ile nayo iko juu ya ufa ule ule. Ujuzi huu tutaubeba, hauhitaji gari la mizigo.

Kesho asubuhi saa mbili daftari la kwanza litafunguliwa katika mtaa wangu. Choo cha kwanza kuandikwa ni changu, na atakayekikagua si mimi, ni kijana wa jirani niliyemfundisha. Nimemwambia aanze na ardhi.